UZI: Setilaiti iliyoitwa UHURU, iliyorushwa Ngomeni, pwani ya Kenya, mwaka 1970, na jinsi ilivyotufikisha kwenye shimo jeusi

Mwalimu wa Pongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka autunze ausome usiku.

Nafundisha fizikia hapa Tanga. Kila mwaka nikifika kwenye miale ya eksirei, wanafunzi wanajua jambo moja tu: hospitali, mfupa uliovunjika, basi. Mwaka juzi binti mmoja wa kidato cha nne aliniuliza kama kuna eksirei inayotoka angani. Nikamwambia ndiyo, nikaandika mistari miwili ubaoni, kengele ikalia. Nilirudi nyumbani nikiwa sijaridhika, kwa sababu jibu kamili la swali lake linapita hapa hapa pwani yetu na mimi sikulisema.

Shangazi yangu ameolewa Malindi. Desemba iliyofuata nilipokwenda kumsalimu, nilimwomba binamu anipeleke Ngomeni. Unatoka Malindi kwa barabara ya Garsen, unapita Mambrui, ukifika Gongoni unaiacha lami na kushika njia ya baharini, mashamba ya chumvi yakiwa kila upande, maji yamelala kwenye majaruba na chumvi imerundikwa vilima vyeupe. Ufukweni pale, ukitazama baharini, unaona chuma kimesimama juu ya maji kwa miguu yake, kimeliwa na kutu. Mgeni angedhani ni mtambo wa mafuta uliotelekezwa. Hapo, wakuu, ndipo roketi zilipokuwa zikirushwa. Zilikwenda mpaka angani na kuzunguka dunia.

Mradi ulikuwa wa Waitaliano chini ya Luigi Broglio, profesa wa uhandisi wa anga wa Roma, kwa ushirikiano na NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Majukwaa yalikuwa mawili: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Kuanzia Aprili 1967 mpaka Machi 1988 zilipelekwa setilaiti tisa kutoka pale. Zote zilipanda kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout, ndefu mita 22 hivi, yenye hatua nne za fueli kavu.

Ya pili kati ya hizo tisa ndiyo habari yangu. Iliruka tarehe 12 Desemba 1970. Mkenya yeyote anaijua tarehe hiyo, ni Jamhuri Dei, miaka saba kamili tangu uhuru. Meneja wa mradi upande wa NASA alikuwa mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend, na yeye ndiye aliyeipa setilaiti jina la siku hiyo: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama mbingu kwa eksirei. Kwa hiyo ukifungua makala za wataalamu wa nyota za miaka ile, za Kiingereza, Kirusi au Kijapani, unakutana na neno letu.

Naendelea, msijibu kwanza.

Mwalimu wa Pongwe

Kwa nini upeleke chombo juu wakati mtu anaweza kusimama kilimani na darubini? Kwa sababu hewa hii tunayovuta inaimeza eksirei yote itokayo angani. Kwetu sisi viumbe hiyo ni heri. Kwa mtafiti ni ukuta. Mpaka mwaka 1962 eksirei iliyokuwa ikijulikana kutoka nje ya dunia ilikuwa ya Jua tu, na ilikuwa dhaifu, kiasi kwamba watu wengi waliona hakuna haja ya kutafuta za nyota zilizo mbali.

Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, alitafuta. Tarehe 18 Juni 1962 yeye na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico, kwa nia ya kupima eksirei inayoakisiwa na Mwezi. Roketi za namna ile hupanda na kushuka tu. Muda wao wa kutazama ulikuwa sekunde 350, haufiki hata dakika sita. Mwezini hawakupata kitu. Lakini upande mwingine wa mbingu, kwenye kundinyota la Nge, kulikuwa na kitu kinachomwaga eksirei kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia. Wakakiita Scorpius X-1.

Sasa jiwekeni mahali pao. Unajua kuna kitu, na kila ukitaka kukiona unapewa dakika sita. Ni kama kuusoma msahafu kwa mwanga wa radi. Ndiyo maana ikahitajika setilaiti itakayokaa juu.

Uhuru yenyewe haikuwa na kioo wala lenzi. Ilikuwa na maboksi mawili ya gesi yaliyopeana mgongo, kila moja likiwa na dirisha jembamba la madini ya berili. Eksirei ikipenya dirishani inagonga atomi za gesi na kung'oa elektroni, elektroni zinakimbilia waya wenye umeme mkubwa, na waya unatoa mshtuko mdogo unaohesabiwa. Mbele ya dirisha kuna vijia vyembamba vya chuma, ili eksirei ya upande mmoja tu iingie. Darasani ninakunja daftari liwe mrija, namwambia mwanafunzi atazame ukutani huku anajigeuza polepole. Anaona kipande kimoja, kisha kinachofuata, kisha kinachofuata. Uhuru ilikuwa hivyo. Ilijizungusha mara moja kila dakika 12, ikifagia mbingu ukanda baada ya ukanda, mchana na usiku.

Ilifanya kazi mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei.

Fundi Simu

Mwalimu heshima yako. Swali: kwa nini Ngomeni? Waitaliano wana bahari yao, Wamarekani wana Florida.

Mwalimu wa Pongwe

Mkuu, sababu mbili.

Ya kwanza, dunia inazunguka, na ikweta ndipo inapokwenda kasi zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ngomeni haifiki hata nyuzi tatu kusini ya ikweta. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki inaondoka na kasi hiyo ya bure, kama mtu anayerusha jiwe akiwa juu ya lori linalokwenda. Scout ilikuwa roketi ndogo, kwa hiyo msaada huo ulikuwa na maana kubwa. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu. Vipande vya roketi vikianguka haviangukii kijiji cha mtu.

Ya pili inahusu eksirei hasa. Juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini kuna eneo ambapo mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia inashuka chini sana. Chombo kikipita humo vipimo vinajaa makelele. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inalikwepa eneo hilo karibu lote. Kwa hiyo kwa kazi hii pwani ya Kenya ilikuwa bora kuliko Florida. Napenda watu walijue hili. Tulichaguliwa kwa jiografia yetu, na jiografia hiyo bado tunayo.

Dada wa Upanga

Kaka, umesema shimo jeusi kwenye kichwa cha habari halafu umelipita. Shimo jeusi halitoi mwanga, ndivyo tulivyofundishwa. Sasa Uhuru iliona nini?

Mwalimu wa Pongwe

Dada umegonga penyewe, na hapa nitakaa.

Kwanza ilipotoka eksirei. Mmeliona lori la mzigo likiteremka Kitonga? Chini ya mlima unasikia harufu ya breki zilizoungua. Lile lori lilikuwa na nishati ya kuwa juu. Likiteremka, nishati hiyo lazima iende mahali, nayo inakwenda kwenye breki na kuwa moto. Sasa chukua gesi ya nyota badala ya lori, na badala ya Kitonga weka kitu chenye uzito wa Jua mara kadhaa kilichojikunja kikawa kidogo kuliko mji. Gesi ikiporomoka kuelekea huko inazunguka, inasuguana yenyewe kwa yenyewe, inafika joto la mamilioni ya nyuzi. Kitu cha joto hilo hakiwaki mwekundu wala mweupe, kinatoa eksirei. Kwa hiyo eksirei inatoka kwenye gesi ikiwa bado iko nje, kabla haijamezwa. Shimo lenyewe liko kimya.

Pili, ilichokiona Uhuru. Kulikuwa na chanzo kimoja kwenye kundinyota la Cygnus, kiitwacho Cygnus X-1, kilichopatikana kwa roketi mwaka 1964. Uhuru ilipokitazama kwa muda mrefu, ikakuta mwanga wake wa eksirei unatetemeka, unapanda na kushuka mara nyingi ndani ya sekunde moja, bila mpangilio. Huenda mtu akaona ni jambo dogo, lakini fikirini. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja kwa muda mfupi kuliko muda ambao nuru inakivuka toka upande mmoja mpaka wa pili. Nuru inakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukiona mabadiliko ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mahali yanapotokea hapawezi kuzidi kilomita 30,000. Jua letu lina upana wa kilomita milioni moja na laki nne. Kwa hiyo hiki kinachong'aa kuliko nyota za kawaida ni kidogo kuliko nyota yoyote ya kawaida. Nilipoielewa hoja hii mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi, na nilikaa nayo siku nzima. Unapima ukubwa wa kitu usichokiona, kwa saa tu!

Bado ilibaki kukipima uzito. Mwaka 1971 darubini za redio zilipata mahali pake hasa, na hapo hapo palikuwa na nyota kubwa ya samawati iliyokwisha kuandikwa kwenye orodha kwa jina HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin wa kituo cha Royal Greenwich Observatory kule Uingereza, na Charles Thomas Bolton kule Toronto akiwa peke yake, waliichunguza nyota hiyo wakakuta inayumba, inazunguka na mwenzake asiyeonekana kila baada ya siku 5.6. Ukijua kasi ya kuyumba na siku za mzunguko, unaweza kukadiria uzito wa anayeivuta. Nyota ya nyutroni, ambayo ndiyo maiti nzito ya nyota tunayoijua ukiacha shimo jeusi, haiwezi kuzidi uzito wa Jua mara tatu hivi bila kuporomoka. Huyu mwenzake alizidi, kwa hiyo lilibaki jibu moja, shimo jeusi. Vipimo vya mwaka 2021 vinasema ana uzito wa Jua mara 21, na yuko umbali wa miaka ya nuru 7,200, yaani nuru ya huko hutumia miaka 7,200 kutufikia.

Kabla ya hapo shimo jeusi lilikuwa hesabu za karatasini na hadithi za kubuni. Baada ya hapo lilikuwa na mahali mbinguni unapoweza kupanyooshea kidole. Picha ile ya duara la moto iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019 ni ya shimo jingine, kubwa mno, lakini anayeiona aijue na njia iliyotangulia.

Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kijana wa Ilala

Mwalimu, nimesoma hadi mwisho. Mimi ni mpenzi wa filamu za anga za juu. Kwenye Star Trek kuna ofisa wa mawasiliano anaitwa Uhura. Je, jina lake limetoka kwenye setilaiti?

Mwalimu wa Pongwe

Hapana, ni kinyume kwa tarehe. Uhura alianza kuonekana kwenye televisheni Septemba 1966, miaka minne kabla ya setilaiti. Lakini chemchemi ni moja, neno letu uhuru, ambalo miaka ile lilikuwa midomoni mwa dunia nzima kwa sababu ya nchi zetu. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, anasemeshwa Kiswahili na yeye anajibu. Na Nichelle Nichols, aliyemwigiza, baadaye aliifanyia NASA kazi ya kuwatafuta wanawake na watu weusi wajitokeze kuomba kuwa wanaanga. Kwa hiyo hadithi ilizaa watu wa kweli.

Mtu wa Ituri

Mimi ni mtu wa Bunia, niko Brussels sasa. Mwalimu, asante. Niongeze kitu: ile santuri iliyopakwa dhahabu, iliyobebwa na vyombo vya anga vya Voyager vya NASA mwaka 1977, ina wimbo wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri, wimbo wa unyago. Kwetu kabisa. Sauti ya msitu wetu imekwisha kufika kwenye anga la kati ya nyota. Lakini salamu za lugha 55 zilizomo, Kiswahili hakimo. Niliisikiliza orodha yote nikitafuta.

Mwalimu wa Pongwe

Ndugu yangu wa Bunia, nilikuwa nalijua hilo na linanichoma. Kiganda kimo, kinawatakia viumbe wa huko amani ya Mungu siku zote. Kinyanja kimo, kinawauliza watu wa sayari nyingine hali zao. Kiswahili hakimo. Ndiyo maana naishikilia Uhuru. Miaka saba kabla ya Voyager, neno letu lilikuwa limekwisha kupanda.

Mpiga Kasia

Sasa Kenya ilipata nini? Nauliza kwa uchungu. Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa Aprili 2023 kutoka California. Jukwaa liko nyumbani linaoza, sisi tunakwenda kuomba nafasi kwa watu.

Mwalimu wa Pongwe

Nakuelewa, na sitakuambia uchungu wako hauna msingi. Ila tuweke mambo sawa.

Taifa-1 ni setilaiti ya kupiga picha za ardhi. Hizo hupelekwa kwenye mzunguko unaopita karibu na ncha za dunia, kaskazini na kusini, ili dunia ikijizungusha chini yake zione kila mahali. Kwa mzunguko huo ile kasi ya bure ya ikweta haisaidii. Kwa hiyo kurushia California hakukuwa kudharau Ngomeni. Isitoshe roketi za Scout zilikoma mwaka 1994. Jukwaa bila roketi ni nguzo tu.

Na kituo hakijafa. Upande wa nchi kavu antena zake bado zinapokea taarifa za setilaiti, Wataliano na Wakenya wanafanya kazi humo. Kwangu swali zito ni la watoto wa Gongoni na Mambrui, wangapi wamewahi kuingizwa pale wakaelezwa antena ile inasikiliza nini. Binamu yangu amekua kilomita chache kutoka pale. Siku ile nilipomwambia kwamba pale baharini ndipo ilipoanzia safari ya kulipata shimo jeusi, alinyamaza, akauliza mara mbili kama nina hakika. Ana shahada, mkuu. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Kitabu tunachofundishia hapa Tanga hakina hata sentensi moja juu ya hili. Mwaka huu nimeanza kuliandika mwenyewe, kurasa nne, na michoro ya yale maboksi ya gesi. Nikimaliza nitaiweka hapa, anayetaka achukue bure.

Nahodha Mdogo

Salaam aleikum. Mimi ni wa Ngomeni. Nimemsomea babangu uzi wote tangu magharibi. Yeye alikuwa kijana wa baharini wakati huo. Asema siku za roketi walikuwa wakikatazwa kwenda kuvua upande ule, dau zote zinapandishwa pwani, na watu wanakaa kungoja. Asema hakusahau mtikisiko, kwamba uliusikia kifuani kabla ya kuusikia masikioni, na moshi ulikaa angani muda mrefu ukipindwa na upepo wa kaskazi. Hakuwa ajua jina lake wala kilikwenda kufanya nini. Wao walisema "roketi ya Wataliano" tu.

Ana swali kwako mwalimu. Je, hiyo Uhuru bado iko juu?

Mwalimu wa Pongwe

Waaleikum salaam. Mwambie mzee shikamoo kutoka Tanga.

Haiko tena. Ilizunguka mpaka mwaka 1979, hewa ya juu ikaivuta kidogo kidogo, ikashuka na kuungua. Lakini chenyewe kilichoonwa bado kipo, na mzee anaweza kuonyeshwa kilipo. Katikati ya Septemba, saa tatu usiku, mkae ufukweni mtazame kaskazini, karibu nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Mtaona nyota zimejipanga kama msalaba mkubwa uliolala. Hilo ndilo kundinyota la Cygnus. Ile nyota kubwa ya samawati iko kwenye mti mrefu wa msalaba, kati ya katikati na mguu. Kwa macho matupu haionekani, inahitaji darubini ya mkono, hata ile ya kutazamia meli inatosha ikishikwa imara na mwezi usiwepo. Mwenzake hamtamwona, ila yuko hapo hapo.

Nahodha Mdogo

Nimemwambia. Asema msalaba ule aujua, ni nyota za kaskazini walizokuwa wakizitazama wakirudi na dau usiku. Kauliza darubini ya meli ya ami yangu bado iko kwa nani.